Kenge wa Njoro

Juzi wajukuu zangu walinionyesha picha kwenye simu. Gari jekundu, limelala chini kabisa, madirisha membamba, taa zimekaza macho kama paka aliyenyang'anywa nyama. Wanasema kiwanda fulani cha ng'ambo kimelipeleka kwenye maonyesho, na sasa watu wanabishana kama litatengenezwa kweli liingie barabarani, au ni la kupigiwa picha tu. Mmoja anaapa litatoka. Mwenzake anasema hao wanatafuta sifa. Wakanigeukia mimi, mshona viti mstaafu, kama refa.

"Bibi, wewe umekaa gereji maisha yako yote. Unaonaje?"

Nikawaambia wazime simu, wakae. Swali hilo mimi nimewahi kuishi nalo, hapa hapa Moshi, na watu niliofanya nao kazi lilikuwa likiwanyima raha kuliko mshahara uliochelewa. Na ninyi wengine mnaosoma haya, hasa mnaojifunza ufundi, niwaambie mapema ili msikae mkisubiri: kiwanda hakikujengwa. Hamtaona magari yetu yamepanga foleni Dar es Salaam. Lakini nilichokiona kwenye gereji yetu ya mtaa wa Njoro sijakiona tena mahali popote.

Mimi sikuzaliwa gereji. Nilikuwa nashona magauni sokoni Kiboriloni, na cherehani ya miguu. Gereji ilikuwa ya ushirika. Mwenyewe wa kwanza alikuwa ameondoka nchini, wafanyakazi wakaichukua wakaiendesha kwa pamoja, kama siasa ya wakati ule ilivyotutaka. Walitafuta mtu wa kushona maturubai ya malori. Nikabebesha mkokoteni cherehani yangu nikaenda, nikidhani nitakaa mwezi mmoja nirudi kwenye magauni. Nimetoka pale nywele zikiwa nyeupe.

Kiti changu cha kwanza kilikuwa cha basi la Rombo. Nilikishona kwa uzi wa pamba, ndio niliouzoea. Kikafumuka njiani, abiria akasafiri juu ya springi tupu mpaka nyumbani. Kesho yake alikuja gerejini na kile kiti kichwani.

"Nani alishona hiki? Nataka nimwone akikaa."

Nikakaa, gereji nzima ikitazama. Springi ikanieleza yote. Walicheka mpaka wengine wakashika kuta, isipokuwa mzee mmoja mwembamba aliyekuwa ameinama kwenye mlango wa lori. Alikuja akanipa kibunda cha uzi wa nailoni na donge la nta ya nyuki.

"Uvute uzi kwenye nta kabla hujashona," alisema. "Gauni linavaliwa na mtu, Manka. Kiti kinavaliwa na barabara."

Huyo ndiye Fundi Elisante, fundi bodi. Alishuka kila asubuhi kwa miguu kutoka Mbokomu, Jumapili aliimba besi kwenye kwaya ya Kilutheri, na kwa jinsi nilivyomjua hakuwahi kumiliki gari. Lakini mletee gari lililobingirika mpaka mtoni, alikurudishia ukashindwa kuonyesha lilipoumia. Alikuwa akifumba macho na kupitisha kiganja juu ya bati, taratibu, kama mama anayepapasa homa ya mtoto. "Jicho linasamehe," alikuwa akisema. "Mkono hausamehe."

Siku moja tulimkuta anachora kwa chaki ukutani, ukuta mrefu wa nyuma. Mstari mmoja ulianzia chini, ukapanda polepole, ukapita juu, ukashuka na kukatika ghafla nyuma. Gari, lakini si gari tulilolijua. Urefu wake ulikuwa wa gari la kweli, lakini kimo chake hakikufika kifuani kwangu.

Hamisi akaja akasimama. Hamisi alikuwa fundi injini wetu, mtu wa Tanga, na ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa ushirika.

"Fundi, hili ni gari au kenge?"

"Kenge ana mbio," Elisante alijibu bila kugeuka.

Jina likabaki hilo. Kumbe hakuwa akifanya mzaha. Kulikuwa na gari dogo la kizungu lililotumbukia darajani, mwenyewe akalitelekeza kwetu. Bodi yake ilikuwa kama karatasi iliyokunjwakunjwa, ila chesisi, fremu ya chini, ilikuwa nzima. Elisante aliomba ushirika umpe ile chesisi. Akaulizwa ni ya nini. Akasema anataka kutengeneza gari la mwendo, la watu wawili, la Kitanzania, kisha waitwe watu wa wizarani walione, ili yatengenezwe mengi hapa hapa Moshi.

Tulikuwa tumekaa juu ya matairi, mkutano wa ushirika. Kicheko kilichotoka hapo kilisikika mpaka barabarani.

"Ndugu Elisante," Hamisi alisema alipopata pumzi, "nchi inatafuta matrekta. Wewe unataka gari la watu wawili. Mke apande, wewe uendeshe, na watoto?"

"Watoto watapanda trekta."

Tukacheka tena, safari hii tukiwa upande wake. Lakini Hamisi hakuwa mtu wa kupotezwa kwa kicheko. Aliuliza kwa upole: "Lakini kweli, mzee wangu. Kwa nini?"

Elisante aliangalia mikono yake. "Mimi miaka yote nanyoosha," alisema. "Gari linagongwa, nalirudisha kwenye umbo aliloliwaza mtu mwingine, mtu ambaye hata Moshi hajawahi kuisikia. Nikilimaliza vizuri, hakuna anayejua kuwa nilikuwepo. Sawa, ndiyo kazi. Lakini nataka safari hii umbo litoke huku." Akagusa paji la uso wake. "Nataka kujua kama na ndani yetu limo."

Hakuna aliyecheka. Ushirika ukakubali kwa masharti: kazi ya wateja isichelewe hata kidogo, na bati la ushirika lisiguswe. Kama ana wazimu, alisema Hamisi, auendeshe kwa muda wake.

Muda ukapatikana. Miaka ile mafuta yalikuwa ya shida, na magari yalikatazwa kutembea Jumapili mchana. Mji ulinyamaza, ungeweza kusikia hata ndizi zikikatwa jirani. Kwa hiyo Jumapili, baada ya ibada na chakula, Elisante alifungua gereji. Mwanzo alikuwa peke yake. Kisha mimi nikaanza kupitia kuangalia. Kisha nikamkuta Hamisi, ameshika taa ya gari, anajifanya amekuja kutafuta kofia yake.

Sasa sikilizeni ninyi mnaojifunza, maana hili halimo kwenye simu zenu. Kwanza alitengeneza kiunzi cha mbao za mgrevilea, mifupa ya gari lote, ili kila bati likifuliwa liwekwe juu yake kupimwa. Bati lenyewe alilipata kwenye mabaki ya basi lililopinduka njia ya Himo. Mbavu na paa lake vilikuwa vya aluminiamu, wenye basi wakafurahi kuondolewa takataka. Aluminiamu ni laini, lakini ukiipiga sana inakuwa ngumu, inakasirika, inapasuka. Lazima uipashe moto ilainike tena. Tatizo ni kwamba haikuonyeshi kama imeiva. Chuma kinakuwa chekundu kwanza, kinakuonya. Aluminiamu inakaa vile vile, nyeupe na mpole, halafu ghafla inamwagika chini kama uji.

Elisante alichukua kipande cha sabuni ya mche, ile ya kufulia, akakisugua juu ya bati. Akapitisha moto wa gesi kwa mbali. Sabuni ikawa ya manjano, ikawa ya kahawia, na ilipoanza kuwa nyeusi tu, akaondoa moto. "Basi. Imeiva." Akaliweka bati juu ya mfuko wa mchanga, akaanza kulipiga kwa nyundo ya mbao, pu, pu, pu, akilizungusha, na mimi nikaona bati bapa la basi linavimba kama mkate. Nilikuwa nimeona watu wakifuma, wakichonga, wakifinyanga. Sikuwahi kuona bati likitii hivyo. Nilisahau hata kwamba nilikuwa nimeacha maharage jikoni.

Na kuna jambo jingine. Bodi ilipokamilika, kabla ya rangi, alilisukuma gari nje, ubavu ukautazama mlima. Ilikuwa jioni, wingu limeondoka, Kibo kiko wazi. Akachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, akapangusa ubavu wote. Bati lenye unyevu linang'aa kama kioo kwa dakika chache tu kabla halijakauka, na katika dakika hizo halifichi kitu. Mlima ukaingia ndani ya mlango. Elisante alitembea polepole kutoka mbele kwenda nyuma, na Kibo kikatembea naye ndani ya bati, kikateleza kutoka kwenye mlango kwenda ubavuni, theluji yake imenyooka. Mahali pamoja, karibu na gurudumu la nyuma, mlima ukajikunja kidogo. Akaweka alama ya chaki. "Hapa nimedanganya," alisema. Akarudi ndani na nyundo.

Mimi nilishona viti. Ngozi ya ng'ombe, nikaiacha juani ilegee kabla ya kuivuta, nikaijaza makumbi ya nazi ambayo Hamisi aliagiza kwao Tanga, kwa sababu katani ya mashamba yetu inachoma makalio. Rangi ya gari ilikuwa nyekundu ya kahawa iliyoiva. Injini Hamisi aliitoa kwenye pikapu iliyokufa, akaifungua, akaifunga upya, akaifungua tena, mpaka ikawa inanguruma vizuri.

Tulilitoa Jumamosi. Elisante alisema nikae kando yake, kwani kiti nilikishona mimi na haki ni haki. Tulipita Kiboriloni siku ya soko. Vijana wangu, sijawahi kuona soko linanyamaza. Mwanamke mmoja aliyekuwa na mkungu kichwani aliusahau, akageuka mzima mzima, akamwita Mungu kwa Kichaga, "Ee Ruwa!" kama yuko kanisani. Kisha barabara ikanyooka, Hamisi alikuwa ametuonya tusizidishe, na Elisante akazidisha. Gari likatulia. Hicho ndicho kilichonishangaza. Malori yote niliyopanda maishani, yakikimbia yanatetemeka. Hili lilipokimbia likatulia, likajilaza barabarani, upepo ukapita juu yetu kama tumekubaliana nao. Nilimtazama Elisante. Alikuwa analia, na upepo unayapeleka machozi masikioni.

Habari zikafika mbali, na wizara ikamtuma mtu. Mhandisi Nyoni alikuwa kijana bado, amesoma ng'ambo, suti safi. Tulidhani atatutazama juu juu aondoke. Alilizunguka gari lote. Akaulizia sabuni, akaulizia kiunzi, akavua koti akalala chini kabisa kwenye vumbi kuangalia chesisi. Alipotoka, suti ilikuwa imekwisha.

"Shikamoo, Mzee," alimwambia Elisante. Alikuwa ameshamwamkia alipofika. Aliamkia tena.

Akaomba gari lipelekwe Dar wakubwa waone. Tukalifunga kwenye turubai nililolishona mimi mwenyewe, likapakiwa kwenye behewa la mizigo. Ndipo tukaanza kungoja. Ninyi mnalalamika mnapongoja video ifunguke! Sisi tuliongea Kenge asubuhi na jioni. Kiwanda kitajengwa wapi? Wengine walisema karibu na reli, wengine wakasema Kahe, kule tambarare kuna nafasi. Tulishaanza kugawana vyeo. Mimi nilikuwa mkuu wa idara ya viti. Elisante pekee hakuzungumza. Alinyoosha mabampa ya watu, na kila treni ilipopiga honi aliinua kichwa.

Wakati huo vita vya Uganda vikaja, mafuta yakazidi kuadimika, sabuni ikawa ya kupangia foleni, tairi ndiyo usiseme. Mwishowe Kenge alirudi kwenye behewa, mzima, na nyuma yake, kwa basi, akaja Mhandisi Nyoni.

"Ningeweza kuandika," alisema. "Lakini jambo hili si la kuandikiwa."

Tulijua hapo hapo. Hamisi alimletea kigoda. Hakukaa.

"Si kwamba halikupendwa, Mzee. Lakini nchi haina fedha za kigeni hata za kununulia tairi za mabasi. Mashine kubwa za kukandamizia bati hatuna, na siku zikija zitatengeneza matela ya matrekta kwanza. Wamesema hapana." Akamgeukia Elisante. "Na ningekuwa kwenye kiti chao, ningesema hivyo hivyo. Hilo ndilo linaloniuma."

Elisante alifuta mikono kwa kitambaa. Kisha akauliza, "Waliligusa?"

"Waliligusa. Mmoja alipitisha mkono kwenye boneti, akaenda kukaa, akarudi akapitisha tena."

Elisante akaitikia kwa kichwa polepole, ameridhika na hilo. "Sasa niambie wewe, si wao. Tuseme fedha zingekuwepo. Hili lingefaa kiwandani?"

Wengine wangesema ndiyo ili kumfariji mzee. Nilimheshimu Nyoni kwa sababu hakufanya hivyo.

"Sijui, Mzee. Gari moja halinitoshi kujua. Mtu mwenye mkono mzuri anaweza kutengeneza kitu kimoja kizuri sana, asiweze kukirudia mpaka kufa. Kiwanda ni kurudia. Ungeng'oa mlango wa hili ukauweka kwenye la pili, ukafunga bila kuupiga nyundo, hapo ningekujibu."

"Basi utarudi," Elisante alisema.

"Lini?"

"Utaambiwa."

La pili lilikuwa gumu kuliko la kwanza. Nilidhani litakuwa rahisi, kwa kuwa njia tunaijua. Hapana. Mara ya kwanza unafuata moyo wako. Bati likikataa huku, unapindisha kidogo, hakuna anayejua. Mara ya pili lazima ufuate ulichokifanya, pamoja na mahali ulipopindisha. Mimi mwenyewe kiti cha kwanza nilikikata kwa macho, sikuweka kielelezo. Ikabidi nifumue kazi yangu nzuri, nitandike vipande kwenye maboksi, nivichore ndipo nikate upya. Tangu siku ile sijawahi kukata kitu bila kielelezo, na ninyi msithubutu.

Ubavu wa pili wa lile basi ulikuwa bado umelala nyuma ya choo cha gereji. Hamisi akapata chesisi nyingine kama ile, sijui alimbembeleza nani. Na jambo la ajabu: Jumapili hakuna aliyeitwa, lakini walikuja wote. Wapaka rangi, wachomeleaji, hata mlinzi. Nani atalinunua? Hakuna. Nani ameagiza? Hakuna. Tulishaambiwa hapana, na watu wazima walikuwa wanamega sabuni ya mgao nyumbani kwao, kipande kidogo kidogo, wanaileta ikasuguliwe kwenye bati. Niliwahi kumuuliza Hamisi, yeye aliyepinga tangu mwanzo, kinachomleta.

"Dada Manka," alisema, "usiku silali. Nataka kujua kama ule mlango utafunga."

Nyoni alirudi Jumapili moja mchana, bila suti, na mkate wa Dar mkononi kama mtu aendaye ukweni. Magari mawili yalikuwa yamesimama sambamba, la kwanza jekundu, la pili bati tupu. Elisante alimpa Hamisi spana, mwenyewe akasimama mbali, mikono nyuma. Alisema hataki hata kivuli chake kiguse.

Hamisi akafungua bawaba za mlango mwekundu. Wachomeleaji wawili wakaubeba, wakaupachika kwenye gari la pili, bolti zikaingia kwa vidole. Hamisi akakaza, akarudi nyuma. Mlango ulikuwa umebaki wazi.

"Ufunge wewe," Elisante alimwambia Nyoni.

Nyoni alijifuta mkono kwenye suruali. Akausukuma kidogo tu.

Mlango ukaingia. Haukugonga, haukusugua. Ulitoa sauti ndogo, ile sauti ya mtu anayefunga Biblia baada ya somo. Nyoni akapitisha kidole kwenye mwanya, juu, nyuma, chini, na mwanya ulikuwa mmoja kote. Akaufungua. Akaufunga tena. Kisha wakapeleka mlango wa bati tupu kwenye gari jekundu, nao ukafunga vile vile. Tulikuwa watu wengi mle ndani, kila mtu amenyoosha shingo. Mikono ya mtu, nyundo ya mbao, sabuni ya kufulia.

Nyoni alivua miwani, akaifuta ingawa haikuwa na kitu.

"Lingefaa, Mzee," alisema. "Lingefaa kiwandani."

"Asante," alisema Elisante. "Nilitaka kujua."

La tatu hatukulitengeneza, bati lilikwisha. Lile jekundu liko mpaka leo kihambani, shamba la nyumbani kwake Mbokomu, migombani, na kuku wanalitagia mayai. La pili alilichukua mtu wa Arusha, sijui liliishia wapi. Jumatatu yake asubuhi kulikuwa na pikapu ya mtu wa Kahe iliyogonga ng'ombe, pua yote imeingia ndani. Fundi Elisante alifika mapema, akafumba macho, akapitisha kiganja juu ya bati, kisha akachukua nyundo akaanza kuinyoosha, huku anaimba besi, peke yake, kwa sauti ya juu kuliko nilivyowahi kumsikia.